Rupia Moja ya Mahari ya Wening

"Usiguse!"

Tulimwacha bibi yetu, Mbah Sarinten, kidole hewani, wasomaji wangu, mdomo wazi, na ukumbi mzima umegeuka kumtazama. Basi bado yuko vile vile. Hata kidole hajakishusha.

Aliyepiga ukelele ni mwenye meza, Mchina mnene mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine juu ya paji la uso. Watu wa sarafu wa Semarang wote humwita Koh Liong.

"Mbah, nakusihi," akasema Koh Liong, uso umempauka. "Rudisha mkono nyuma. Taratibu. Kama mtu aliyemwona nyoka."

"Kwani inauma?"

"Wewe ndiye unayeuma! Kidole chako kimejaa mafuta ya kuchua, harufu naisikia tangu uko mlangoni. Kikigusa sarafu hii naanguka hapa hapa, na mke wangu atakuja kukudai mume."

"Mume sina wa kumlipa. Wangu alishatangulia."

Meza ya pili wakaangua kicheko. Mbah akashusha mkono, akaufutia kwenye kitambaa cha kiunoni, akasogeza uso karibu na kile kisarafu cheupe mpaka pua ikakaribia kioo.

Aliyekosa gazeti la wiki jana asihangaike, namwekea mambo sawa kwa pumzi moja.

Kesho asubuhi Jagad, mjukuu wa kiume wa Mbah Sarinten, anamwoa Wening. Mahari imepangwa kwa tarehe ya arusi, kama vijana wa Java wanavyopenda siku hizi. Tarehe, mwezi na mwaka ukivisoma kwa mfululizo vinakupa rupia milioni moja, laki nne, sitini na mbili elfu, na ishirini na sita. Noti si kazi. Kazi ni ule mkia wa ishirini na sita. Siku hizi rupia ishirini na sita hazikununulii hata punje ya pilipili, kwa hiyo sarafu zake hazipo dukani wala benki. Ni za kutafutwa. Jagad alitafuta, akapata ya ishirini na tano na ya moja, akazipanga na noti zake ndani ya fremu ya kioo, maua pembeni.

Juzi upepo ukamwingia Jagad mwilini. Mbah ni mkandaji wa mtaa mzima. Akataka kumkwangua mgongo kama anavyowakwangua wote, mafuta kwanza, kisha ukingo wa sarafu, mistari myekundu juu mpaka chini hadi upepo utoke. Sarafu yake ya kazi hakuiona. Fremu ilikuwa mezani. Akachomoa ile rupia moja, Jagad amelala kifudifudi haoni.

Rupia moja ni kibati laini cha alumini. Mgongo wa Jagad ni mgongo wa mpakia saruji. Kibati kikapinda. Mbah akakinyoosha kwa mchi. Kikapasuka.

Anayejua ni yeye, na mjukuu wake wa kike Kinasih, aliyemleta leo kwa pikipiki kwenye maonyesho haya ya sarafu, mahali ambapo Mbah hajawahi kukanyaga tangu azaliwe. Na jioni ya leo fremu inapelekwa kwa wakwe.

Sasa tuendelee.

"Koh, nataka kununua hiyo," akasema Mbah. "Rupia moja. Taja bei."

"Hii? Mbah, mtazame ndege wake. Kichwa kimekatwa. Mashine ilikosea siku ilipoipiga."

"Kwa hiyo ni mbovu."

"Ni mbovu, ndiyo maana ni ghali."

"Ghali kiasi gani?"

"Pikipiki."

"Pikipiki mbovu?"

"Pikipiki mpya, Mbah, na mafuta ndani yake."

Mbah akamtazama Koh Liong, akawatazama na watu wengine wa ukumbini. Wanaume wazima wameinama juu ya meza, lenzi jichoni, wameshika sarafu kwa ncha za vidole kama watu wanaotoa andazi kwenye mafuta ya moto. Hakuna aliyeuliza kitu hiki kinanunua nini. Hapa pesa ilikuwa inanunua pesa.

"Basi huku kwenu kitu kikiharibika ndiyo kinapanda bei," akasema. "Ningejua ningekuja zamani nikajiuza mwenyewe. Magoti yote mawili mabovu."

"Magoti hayana soko, Mbah."

"Na kama sarafu haikuharibiwa na mashine? Kama imeharibiwa, tuseme, na mgongo wa mtu?"

Koh Liong akashusha ile miwani ya pajini juu ya ile ya puani, akamwangalia vizuri. "Hiyo ni takataka."

Kinasih akakohoa.

"Nilidhani hivyo," akasema Mbah. "Haya, nipe ya kawaida. Yenye ndege mwenye kichwa. Ni ya mahari."

"Ya mahari! Ungesema mapema, Mbah." Koh Liong akainama chini ya meza akatoa trei yenye vijumba vidogo vidogo. Akaigeuza kwa madaha mbele yao.

Ilikuwa tupu.

"Aa," akasema. "Kumbe zimekwenda."

"Zote?"

"Huu ni mwezi wa Besar, Mbah. Wiki ijayo Suro inaingia, mwezi wa mwiko, na nani anaoza mtoto wakati wa Suro? Kila mwenye binti anataka kumaliza sasa hivi. Wa mahari walichukua moja moja. Lakini kuna mzee mmoja aliingia mlango ulipofunguliwa tu, akanunua zangu zote, akaenda meza ya pili, ya tatu, mpaka kule mwisho. Amekomba. Rupia moja iliyobaki ukumbini ni hii ya pikipiki."

Kinasih hakungoja. Akakimbia mezani kwa huyu na kwa yule, nywele zinaruka mgongoni, akarudi anahema. "Hakuna, Mbah. Kuna za Waholanzi, kuna za Wajapani, kuna moja ina tundu katikati. Yetu hakuna."

Mbah Sarinten akavuta kiti cha plastiki akakaa. Hapa, wasomaji, ndipo alipoanza kupiga hesabu. Arusi isipofungwa kesho, Suro inapita bila arusi. Na Jagad ameshapata kazi ya mgodini Kalimantan. Anaondoka wiki ijayo, harudi mpaka mwaka ugeuke. Mwaka mzima Wening akae kwao na nguo ya arusi kabatini, kisa? Kisa bibi mmoja alikuwa na haraka ya kukwangua mgongo.

"Mtu gani huyo mwenye roho ngumu?" akauliza. "Rupia zote hizo anazipeleka wapi?"

"Simjui jina," akasema Koh Liong. "Masharubu meupe. Kofia nyeusi. Sauti kama anatangaza treni."

Kinasih akamtazama Mbah. Mbah akamtazama Kinasih.

"Shati lake la batiki," akauliza Kinasih polepole, "limepigwa pasi mpaka mikunjo inaweza kukukata?"

"Hilo hilo! Unamjua?"

Wanamjua! Pak Wiryatmo, stesheni masta mstaafu, baba yake Wening. Mtu ambaye treni ilikuwa haithubutu kuchelewa mbele yake. Mtu aliyetamka mbele ya wazee wa pande zote mbili kwamba kesho, kabla ya kumshika mkono Jagad na kumwozesha, atahesabu mahari yeye mwenyewe, noti kwa noti, hadi rupia ya mwisho. Jagad atatamka kiasi kamili mbele ya kadhi na mashahidi, na atasema taslimu. Rupia moja ikipungua, tamko la kijana litakuwa uongo, na Pak Wiryatmo hamwozi binti yake kwa mwongo.

"Amejua," akanong'ona Mbah. "Amejua imepotea. Amezikomba zote ili tusipate."

"Mbona hivyo, Mbah? Si anampenda Jagad?"

"Alisema anampenda. Kuna aliyemwona akicheka?"

"Huyo anarudi," akasema Koh Liong kwa furaha, akinyoosha kidole mlangoni. "Aliagiza vifuko vya plastiki."

Mbah Sarinten, na magoti yake yote mawili mabovu, akaingia chini ya meza kama msichana.

Hatua zikaja zikasimama. Viatu vyeusi vinavyong'aa. Kisha sauti, ile ile ya kutangaza treni.

"Kinasih?"

"Shikamoo, Pak."

"Marahaba. Unafanya nini huku wakati kwenu wanapika?"

"Natembea tu, Pak."

"Na aliye chini ya meza, miguu iko nje, naye anatembea?"

Kitambaa cha meza kikainuka, na uso wa Mbah ukatokeza, kilemba kimehama.

"Mbah Sarinten! Unatafuta nini huko chini?"

"Nafasi ya kupumzika," akasema Mbah. "Huku juu wameweka baridi kama chumba cha nyama."

Pak Wiryatmo akampa mkono akamwinua. Mkono wake ulikuwa wa baridi, umelowa. Mbah akalitambua hilo mara moja, mikono ya watu ndiyo kazi yake, lakini kwanza alikuwa na lake la kuuliza.

"Nasikia umenunua rupia zote za ukumbi huu, Pak."

Yule mzee akatazama kushoto, akatazama kulia. Ndipo likatokea jambo ambalo Mbah hakuwahi kuliona. Masharubu yakapanda. Alikuwa anatabasamu!

"Msimwambie mtu," akasema kwa sauti aliyodhani ni ya chini. "Ni zawadi za wageni. Wengine huwapa wageni wao vipepeo, wengine vishikizo vya funguo. Mimi kila mgeni wangu ataondoka na rupia moja ndani ya kifuko, jina la Wening na Jagad juu yake. Kila mtu akumbuke kwamba binti yangu aliolewa kwa mahari iliyotimia mpaka rupia ya mwisho. Hata mama yake sijamwambia."

Akafungua mkoba. Ndani mlikuwa na mfuko wa nguo uliojaa, na mfuko ulipotikisika rupia zikalia kisauti chepesi, kama mvua inapoanza kwenye bati.

Mbah akanyoosha shingo kuchungulia.

Kinasih akamvuta mkono, akamnong'oneza sikioni. "Mwombe moja, Mbah. Zote hizo!"

"Mahari ya binti itoke mfukoni kwa baba yake?" Mbah akamnong'oneza naye. "Hiyo si mahari. Hapo baba kajinunulia mkwe."

"Basi mwibie."

"Kinasih!"

"Basi mnunulie."

Hilo lilikuwa na akili. Mbah akajikohoza. "Pak, niuzie moja."

"Siuzi," akasema Pak Wiryatmo, tabasamu limeondoka kama lilivyokuja. "Nimezihesabu. Kila mgeni na yake. Nikikuuzia wewe, kuna mtu kesho atatoka mikono mitupu nyumbani kwangu. Ya nini kwanza?"

"Ya... kuangalia ndege."

"Kesho utapewa yako, mwangalie ndege mpaka achoke."

Kesho! Kesho fremu itakuwa imeshafunguliwa.

Mambo yangeishia hapo, na mimi ningekuwa nawaandikia kisa cha majonzi, kama si mkono ule wa baridi. Pak Wiryatmo alinyoosha mkono kupokea vifuko vyake kwa Koh Liong, akasimama hivyo hivyo, hakuvishika. Jasho likamtoka juu ya masharubu. Akashika ukingo wa meza.

"Pak?" akaita Koh Liong. "Usiniangukie juu ya sarafu, tafadhali. Angukia upande huu."

"Sijambo."

"Hujambo nini wewe," akasema Mbah. Hofu yote ilikuwa imemtoka, amekuwa mkandaji sasa. "Tumbo limejaa, kichwa kinazunguka, shingo ngumu kama mti. Umekula nini tangu asubuhi?"

"Sijala. Nililazimika kuwahi mlango."

"Na baridi hii yote ikakuingia tumbo tupu. Upepo huo, Pak. Kinasih, chota maji ya moto ya tangawizi kule kwa muuza vyakula. Koh, nyuma ya hilo tangazo lako kuna nafasi?"

"Kuna, lakini, Mbah, ni ghala la..."

"Ni zahanati sasa."

Nyuma ya kitambaa kikubwa cha tangazo, kati ya maboksi ya albamu, Pak Wiryatmo aliketishwa kiti kinyumenyume, shati limevuliwa na kutundikwa kwa uangalifu, kofia bado kichwani. Mbah akatoa kwenye kibindo chupa yake ya mafuta na sarafu yake ya kazi, ile aliyoikuta mfukoni mwake mwenyewe siku ya pili, shaba nene pana ya zama za Waholanzi.

Koh Liong alichungulia, akaiona, akashika moyo. "Mbah! Hiyo umeifuta uso wote!"

"Uso wa kazi gani? Mimi nataka ukingo. Toa kichwa."

Akaanza. Kwaru, kwaru, kutoka shingoni kuteremka.

"Polepole, Mbah! Mimi si sufuria."

"Sufuria halina makelele hivi."

"Ah! Hapo!"

"Hapo ndipo ulipokaa. Tazama ulivyoiva, mwekundu kama bendera. Hujalala vizuri siku ngapi wewe?"

Yule mzee akaukumbatia mgongo wa kiti. Mtu akiwa amekupa mgongo husema mambo ambayo hawezi kuyasema akikutazama, na Mbah Sarinten amesikia mengi namna hiyo.

"Wening ndiye wa mwisho," akasema. "Keshokutwa nyumba itabaki na mimi, mama yake, na saa ya ukutani."

"Ndiyo maana umekuwa mkali?"

"Nikiacha ukali nitalia mbele ya kadhi. Stesheni masta hali..." Akairekebisha kofia kichwani. "Stesheni masta halii."

Mbah akapunguza mkono.

"Na unajua, Mbah, kwa nini naitaka ile rupia ya mwisho? Watu wananicheka, najua. Noti mtu yeyote anazo. Rupia moja lazima uitafute. Uamke, upande gari, uulize watu usiowajua. Kijana aliyeamka kumtafutia mwanangu rupia moja isiyonunua kitu, huyo naweza kumwachia mwanangu."

Mbah alikuwa anawaza juu ya Jagad, aliyeuliza masoko yote ya Semarang mpaka akaipata ile rupia, na bibi yake aliyeivunja kwa dakika moja. Akakwangua mstari mmoja mara mbili bila kujua.

"Aii!"

"Samahani. Upepo mgumu huu."

Niwategee wasomaji kidogo tukiwa hapa. Kitendawili! Mgeni wangu huingia bila hodi, lakini akitoka nyumba nzima hugeuka. Fikirini. Mimi siwasubiri, maana Pak Wiryatmo alijibu mwenyewe. Alijikunja, akavuta pumzi, akapiga mbweu ambayo ukumbi mzima uliisikia. Lenzi zilidondoka. Mtu wa meza ya nne akasema, "Alhamdulillahi."

"Umetoka!" akapiga makofi Mbah.

"Umetoka," akakiri Pak Wiryatmo, rangi imemrudia usoni. Akanywa tangawizi aliyoleta Kinasih, akavaa shati, akaingiza mkono mfukoni. "Haya. Ujira wako."

"Aa, Pak, sisi wakwe."

"Ukwe ni kesho. Leo umefanya kazi, na mimi sitoki kwa mtu na kazi yake bila kumlipa." Akatoa noti ya elfu hamsini.

Hapo, wasomaji wangu, ndipo kichwa cha Mbah Sarinten kilipowaka taa.

"Ujira wangu nautaja mwenyewe," akasema. "Rupia moja."

"Unaudharau mgongo wangu?"

"Mgongo wako ni mzuri. Nataka rupia moja."

"Nimekwambia zimehesabiwa. Nani akose?"

"Mimi. Mimi si mgeni wako kesho? Usinipe kesho. Ya kwangu nipe leo, iwe malipo."

Pak Wiryatmo akahesabu kwa vidole. Mahesabu yalitoka sawa, na kwake yeye hesabu ikitoka sawa hakuna la zaidi. Akafungua mfuko wa nguo, akachagua, akageuza huku na huku, akampa ile iliyong'aa kuliko zote.

"Itamke mbele ya Koh Liong," akasema Mbah. "Sema ni ujira."

"Kikongwe huyu! Ni ujira wako wa kunikwangua mgongo. Halali yako. Umeridhika?"

"Nimeridhika," akasema Mbah, na macho yakamlowa. Imetoka kwenye kazi ya mkono wake, si kwenye zawadi ya mtu. Anaweza kumpa mjukuu wake, na mjukuu wake anaweza kuitia kwenye mahari, na hakuna shekhe duniani wa kuikataa. Akaishika ukingoni kwa ncha za vidole viwili, kama wenyeji wa ukumbi ule, Koh Liong akamwitikia kwa kichwa.

Ningependa tumalizie hapo, tule keki. Lakini mlango wa ukumbi ukafunguka.

Mtu akaingia mbio, helmeti ya pikipiki kichwani, kioo kimeshushwa, koti kubwa la mvua la kiume limemfika magotini. Watu wakampisha. Akaja moja kwa moja mpaka mezani.

"Koh!" Sauti ilitoka ndani ya helmeti kama inatoka mtungini. "Kuna rupia moja? Ya zamani, yenye ndege? Moja tu. Nitalipa chochote."

"Vua helmeti, mwanangu, hapa kuna mali za watu," akasema Koh Liong. "Halafu zimekwisha. Leo mmeingiwa na nini na rupia moja?"

"Tafadhali, Koh! Lazima nipate kabla ya jioni!"

Mtu yule akaweka kiganja juu ya meza, kuomba. Mkono wa koti ukarudi nyuma.

Kiganja kilikuwa cha manjano. Kifundo cha manjano. Mpaka kwenye kiwiko, manjano na unga wa mchele uliokaukia, harufu ya maua imezidi ile ya mafuta ya Mbah.

Mbah Sarinten, aliyekwisha kutoka nyuma ya tangazo, akafumba kiganja juu ya ile rupia. Manjano hayo anayapakwa mtu mmoja tu, na mtu huyo kwa wakati huu anatakiwa awe ametawishwa chumbani kwao, anasingwa, haonekani na jua wala na mwanamume mpaka kesho asubuhi.

Akamgeukia Kinasih. Kinasih alikuwa anatazama dari.

"Ulimwambia," akasema Mbah kwa midomo tu.

"Aliniuliza mbona nina huzuni," Kinasih akajibu kwa midomo tu.

Nyuma ya tangazo viatu vyeusi vilipiga hatua. Pak Wiryatmo alijitokeza akifunga kifungo cha mwisho, mkoba kwapani. Akaona helmeti. Akaona mkono. Akatulia kama taa nyekundu ya reli.

"Wewe," akasema, bila kupaza sauti kabisa. "Vua hiyo."

Helmeti ikatikisika: hapana.

"Nimesema vua."

Mikono ya manjano ikapanda, ikafungua kamba. Ikatoka helmeti, na chini yake Wening, nywele nusu zimesukwa nusu zimefumuka, uso wa manjano una njia mbili za machozi.

"Baba."

"Mwari wangu," akasema Pak Wiryatmo. "Kwenye ukumbi wa sokoni. Mbele ya wanaume. Siku moja kabla." Kila neno lilitoka peke yake, kama behewa lililokatika. "Rupia moja ya nini, Wening?"

Wening akauma mdomo. Hakumtazama Mbah hata kidogo, na kwa kutomtazama huko Mbah akajua: mtoto huyu atafungiwa, atagombezwa, atapoteza arusi yake, na hatalitaja jina la bibi wa mumewe.

Rupia ilikuwa kiganjani kwa Mbah, imepata joto. Angeweza kunyamaza. Fremu ingetimia jioni, hesabu ingetoka sawa, na kosa lote lingekaa juu ya mtoto aliyetoka ndani kwa sababu ya mapenzi.

"Usimuulize yeye," akasema Mbah Sarinten. "Niulize mimi."

"Mbah, usi..." akaanza Kinasih.

"Nyamaza. Pak, Jagad aliitafuta ile rupia mpaka akaipata. Ilikuwa kwenye fremu. Mimi nilimkwangua nayo mgongo, nikaivunja. Yeye hata hajui. Nimekuja hapa kuificha aibu yangu, na huyu binti yako amekuja kuifidia, na hajafanya kosa lolote. Hii hapa uliyonilipa. Ukiitaka, ichukue."

Koh Liong alivua miwani zote mbili.

Pak Wiryatmo aliitazama rupia kwenye kiganja cha Mbah. Akamtazama binti yake, manjano kutoka utosini mpaka kwenye kucha, aliyeamka, akapanda pikipiki, akaja kuuliza watu asiowajua. Masharubu yakaanza kutetemeka, na hakuna pale aliyeweza kusema yanatetemekea nini.

Hakuichukua rupia. Alinyoosha mkono kwa Kinasih.

"Nipe simu," akasema. "Nampigia kadhi."

Kumwambia nini? Hilo, wasomaji wangu, ni la wiki ijayo.